Kadzo na Pampu ya Kilo

Kila akitoka shule, Kadzo alimsaidia baba yake, fundi Gona, kwenye kibanda chake cha baiskeli huko Changamwe. Vita na Waitalia vilikuwa vimekwisha, na Gona alikuwa amenunua pampu ya lori la Kiitalia. Geji yake, saa ya kupimia nguvu ya upepo, ilipima kwa kilo, ilhali matairi ya baiskeli yaliandikwa ratili. Kadzo alikwisha kufundishwa: kilo moja ya upepo kwenye geji ile, tofauti na kilo ya mizani, ni karibu ratili kumi na nne.

Siku hiyo Kadzo alikuwa amechapwa viboko mbele ya darasa zima. Mwanafunzi mwenzake, Matano, alikuwa amevunja mtungi wa shule, kisha akamsingizia yeye. Moyo ulimuuma. Alitaka Matano naye aumie.

Jioni Matano akaja na baiskeli, Gona akiwa ametoka kidogo.

"Nijazie. Tairi linataka ratili arobaini na mbili," alisema.

Kadzo alijua hizo ni kilo tatu. Akalitazama lile tairi kuukuu, akapiga pampu mpaka sindano ya geji ikafika sita.

"Sita tu? Mbona kidogo?" Matano akauliza.

"Zinatosha. Nenda."

Alimtazama akiondoka, akatabasamu. Lakini pale njiani Matano alisimama, akampakia nyuma dada yake mdogo, Kanze. Kadzo alitaka kuita. Akakumbuka viboko, akanyamaza.

Kwenye mteremko tairi lilipasuka kwa kishindo. Matano alichubuka magoti. Kanze alivunjika mkono, na kilio chake kikasikika mpaka kibandani.

Gona aliporudi na kupata habari, aliita, "Kadzo!"

"Abee, baba."

"Ulijaza kilo ngapi?"

"Sita."

"Ni ratili ngapi hizo?"

"Themanini na nne," Kadzo alijibu, machozi yakimtoka.

"Kumbe ulijua."

Kadzo akamweleza yote. Gona alimshika mkono wakaenda kwa kina Matano. Kadzo akapiga magoti mbele ya mama yao Matano na Kanze, akasema alichofanya na kuomba radhi. Matano akainamisha kichwa.

"Mtungi niliuvunja mimi," alisema. "Kesho nitamwambia mwalimu."

Njiani Gona alisema, "Mwanangu, umeonewa kweli, na ungeniambia ningekwenda shuleni mwenyewe. Lakini nilikufundisha vipimo ili watu wafike salama, nawe ukavitumia kulipiza kisasi. Kanze alikukosea nini?"

 Kuanzia kesho yake, mpaka mkono wa Kanze ulipopona, Kadzo alimtekea maji mama yake Kanze kila asubuhi.