Mgeni Kwenye Mioyo Mia Nne

Katika chumba kimoja cha kampuni ya Afueni, jijini Dodoma, mioyo-chuma mia nne ilidunda ukutani kwa nukta za kijani. Kila nukta ilikuwa mtu aliyepandikizwa moyo huo, na kila dakika moyo wake uliuliza kituoni udunde kwa kasi gani, kituo kikaujibu. Maswali na majibu yote yalipita kwenye mtandao wa umma.

Mhandisi Riziki Chilongani alikuwa akiomba njia fiche, waya wa kampuni peke yake, usiopitiwa na mgeni.

"Riziki mwanangu," alisema mkurugenzi, Mzee Ndahani, "gharama yake ni sawa na kujenga kliniki nzima Manyoni. Niwaambie wenye hisa tunalipia balaa ambalo halijatokea?"

"Limeshatokea, mzee. Tazama."

Kumbukumbu za mtambo zilionyesha kuwa kwa siku arobaini mgeni asiyejulikana aliingia mtandaoni, akachungulia, akatoka. Hakugusa kitu.

"Kama hajagusa..."

Nukta moja ikafifia. Bibi Mwasiti wa Kondoa: mapigo sabini, hamsini, thelathini. Yakarudi sabini. Nukta ya jirani nayo ikafifia. Kisha ya tatu.

"Anajifunza," Riziki alinong'ona.

Ndahani alinyakua kalamu. "Nasaini sasa hivi! Waya uwekwe leo!"

"Kuuchimbia ni siku tisa."

"Basi kata mtandao!"

"Bila amri, moyo unadunda kwa muda wa saa tano tu, kisha unazimika. Itabidi wote waje tuwaunganishe hapa kwa waya."

Nukta ya nne ilipofifia, Riziki alikata mtandao. Wafanyakazi wote wakashika simu, magari yakatawanyika mkoa mzima.

Bibi Mwasiti alipokea simu mwenyewe. "Moyo ulinisita kidogo tu, mwanangu. Sasa sijambo. Ngoja nimalizie mkeka wa watu, nitakuja kesho."

"Bibi, nakuomba, usingoje kesho!" Riziki alisihi.

Lakini bibi alikuwa ameshakata simu, na alipopigiwa tena hakupokea.

Jioni watu mia tatu tisini na tisa walilala ukumbini, wameunganishwa, wakipumua. Gari la Kondoa lilikuwa limechelewa.

Kesho yake Riziki na Ndahani walikwenda msibani. Binti wa marehemu aliwakaribisha mkekani, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Mlikuwa hamjui kuwa njia ile si salama?"

Mzee Ndahani akamgeukia Riziki.

Riziki hakumsaidia.