Modemu ya Mama Anar

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka la vipuri mjini Shinyanga, Zahida hupangusa kompyuta yake ya kukunja. Vumbi la Shinyanga halichoki, na yeye pia hachoki. Mwaka 1999 binti yake, Anar, alijifungua mtoto huko Uingereza. Aliweka picha ya mtoto kwenye intaneti ili bibi aione.

Bibi hakuiona. Picha ilifunguka kidogo kidogo kutoka juu, kisha laini ya simu ikakatika. Wiki nzima aliona nywele na paji la uso tu. Ilimuuma sana. Mumewe, Riyaz, alisema kompyuta imezeeka, bora itupwe.

Walimwita Maduhu, fundi wa kompyuta. Alimwamkia Zahida, akakaa, akachunguza. Kisha akagusa kisanduku kidogo kilichounganishwa na waya wa simu.

"Kompyuta haina kosa, Mama Anar. Tatizo ni hii modemu. Ndiyo inayopeleka na kuleta habari kwenye simu. Ndani yake kuna programu. Kampuni ya intaneti imeweka mitambo mipya, lakini programu hii bado ni ya zamani. Haielewani nayo vizuri."

Alikuwa na programu mpya kwenye disketi, kutoka kwa waliotengeneza modemu. Lakini mawingu yalikuwa yametanda, na radi ikanguruma upande wa Samuye. Zahida akachomoa plagi zote, kama watu wa hapa wafanyavyo mvua ikikaribia. Maduhu alishukuru kwamba hakuwa ameanza. Alieleza kuwa umeme ukikatika programu ikiwa imeingia nusu, modemu inaweza kufa kabisa. Hata hivyo Zahida alimsihi arudishe plagi wajaribu upesi, mvua ikiwa bado mbali.

"Tusubiri kutulie," alisema Maduhu. "Haraka haraka haina baraka, mama."

Zahida alinuna hadi akasahau kumpa chai.

Kesho yake kulikuwa kweupe. Maduhu alihakikisha kwanza kwamba programu ni ya modemu ya aina ileile. Akaiingiza, na hakuna aliyegusa plagi mpaka ilipomaliza. Kisha akaizima modemu, akaiwasha, akaunganisha intaneti.

Picha ikaanza kushuka, upesi kuliko zamani. Yakaja macho, pua, mdomo. Laini haikukatika. Mwisho kikaja kidevu, kina kishimo katikati.

"Hiki ni kidevu cha marehemu mama yangu," alisema Zahida, akalia.

Riyaz hakuzungumzia tena kutupa kompyuta. Alivuta kiti, akakaa kumtazama mjukuu wake.