Mlio Ambao Haukuwepo

Kila siku akitoka shule, Sikio alifanya mambo yale yale. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akatoa ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni, akafungua mlango na kuwasha redio kabla hata ya kuvua viatu. Hakuiwasha ili asikilize. Aliiwasha ili nyumbani pawe na mtu anayesema. Kisha alipasha moto chakula alichoachiwa, akala, akaosha sahani yake moja na kijiko chake kimoja, akafanya kazi za shule. Baada ya hapo alibaki kumsubiri baba tu.

Sikio halikuwa jina lake la shule. Alipewa na baba, ambaye alikuwa mhandisi wa lifti. Lifti ikikwama katika jengo lolote mjini, yeye ndiye aliyepigiwa simu. Alikuwa na kawaida ya kusimama ndani ya lifti, akafumba macho, akasikiliza, kisha akataja kifaa kilicholegea. Binti yake alipokuwa mdogo aliwahi kumwambia kwamba friji inakohoa. Baba akacheka. Wiki ile ile friji ikafa na nyama yote ikaharibika, na tangu hapo jina likamganda mtoto.

Mama alikuwa masomoni nchi ya mbali. Alipiga simu kila alipoweza, lakini saa za kule na za hapa hazikupatana. Mama akipata nafasi, Sikio yupo darasani. Sikio akipata nafasi, mama amelala. Tena walikuwa wamehamia mji huu mwaka ule ule, kwa sababu ya kazi ya baba. Wanafunzi wenzake hawakuwa wabaya, ila walikuwa wameshazoeana wawili wawili tangu darasa la kwanza, na yeye alikuwa mtu wa ziada. Baba naye alirudi akiwa hoi, akauliza habari za shule, akasinzia kwenye kochi kabla hajajibiwa.

Siku iliyokuwa tofauti ni Jumamosi, na sababu yake ilikuwa gari.

Kwa miaka mingi baba alikuwa amezunguka na gari la kampuni, lenye ngazi juu ya paa na vyuma vinavyogongana nyuma. Alikuwa amejiwekea ahadi kwamba siku moja atanunua gari zuri la kwake. Alijua hasa alichotaka: gari la kifahari la ukubwa wa kati, la milango minne, lenye viti vya ngozi na injini ambayo ukiigusa inaondoka. Asichojua ni kama achukue jipya au lililotumika. Jipya lilikuwa na dhamana na harufu ile ya upya inayowalevya watu wazima. Lililotumika lilikuwa na bei nafuu, kwa hiyo kwa pesa zile zile angepata lenye nguvu zaidi. Siku nyingine aliamka akiwa mtu wa jipya, akalala akiwa mtu wa lililotumika.

Basi kila Jumamosi walitoka wawili, baba na binti, kwenda kuangalia magari. Baba alishika usukani wa kila gari walilolijaribu, na Sikio alikaa nyuma kusikiliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wakimaliza, walikaa mahali wakanywa soda, na baba alizungumza siku ile kuliko wiki nzima. Alimweleza kwa nini tairi pana hushika barabara vizuri. Alimsimulia jinsi alivyomchumbia mama akiwa na baiskeli isiyo na breki. Akamuuliza kuhusu shule, na safari hii alisubiri jibu.

Sikio alitamani Jumamosi zisiishe. Lakini alijua kwamba siku gari litakapopatikana, hakutakuwa na gari la kutafuta.

Kasoro za mwanzo alizozitaja zilikuwa za kweli. Gari moja lilinuka sigara. Jingine lilikuwa na mlango uliopiga kelele. Baadaye akaanza kuongeza chumvi. Akasema kiti cha gari moja jipya kinaumiza mgongo, ingawa kilikuwa laini kuliko kitanda chake. Akasema jingine linamtia kichefuchefu kwenye kona. Baba hakubisha hata mara moja. "Sikio amesema," aliwaambia wauzaji huku akirudisha ufunguo, na wauzaji wakabaki kumtazama huyu mtoto wa shule anayewaharibia biashara.

Jumamosi moja dalali wao, mtu mwenye maneno mengi na simu mbili, aliwapeleka kwa hakimu mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake kwenye nyumba yenye ukuta mweupe. Mtaa mzima ulimwita Bi Hakimu. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani mizito. Gari lake lilikuwa la rangi ya kijivu, limetunzwa mpaka unaona haya kulishika.

"Shikamoo, bibi," Sikio aliamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye mnunuzi?"

"Hapana. Mimi nasikiliza."

"Basi wewe ndiye hakimu wa leo," bibi akasema. "Mimi nimeshastaafu."

Aliwaeleza kwamba daktari wa macho amemkataza kuendesha. Hakulalamika, ila alipomkabidhi baba ufunguo alichelewa kidogo kuuachia.

Walizunguka mtaa, wakaingia barabara kuu. Bi Hakimu alikaa mbele, akimtania baba kwamba anaendesha kama aliyebeba mayai. "Likanyage, mwanangu. Halikutengenezwa kwa ajili ya mazishi." Baba akalikanyaga. Gari likachomoka kimya kimya, likapita kwenye matuta bila hata kunong'ona. Sikio alimwona baba kwenye kioo. Alikuwa akitabasamu kama anavyotabasamu kwenye picha za arusi.

 Alijua kwamba gari limepatikana.

Waliporudi uani, baba akageuka nyuma. "Haya, Sikio. Tuambie."

"Kuna kitu kinagonga," akasema. "Chini, upande wa kulia. Tukipita kwenye matuta."

Baba alikunja uso. "Mimi sikusikia."

"Mimi nimesikia."

Bi Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi pia sikusikia," alisema polepole. "Lakini nitalipeleka kwa fundi. Siwezi kumuuzia mtu gari bovu." Baba alimshukuru, wakaaga, na dalali akawafuata nyuma akiwa amenuna.

Jumapili ilipita vizuri, na Jumatatu pia. Jumanne jioni baba aliwahi kurudi, akampigia dalali kuulizia gari jingine, na kwa kuwa alikuwa akifungua kamba za viatu vyake vya kazi, aliweka simu mezani ikiwa kwenye spika.

"Bosi, yule mama hakimu ametuaibisha," dalali alisema kwa kicheko. "Amelipeleka kwa fundi, tairi zote zimefunguliwa, ati hakuna kitu. Nani ataamini? Anaficha tu. Nimeshawatonya wateja wangu wasijisumbue. Kuna mfamasia mmoja alikuwa analitaka, nimemwambia akae mbali. Kumbe waheshimiwa nao ni waongo kama sisi."

"Usiseme hivyo," baba akasema.

"Basi mtoto wako ndiye mwongo?"

Baba akacheka kidogo. "Huyo hapana."

Sikio alikuwa ameshika kitabu cha jiografia. Aliendelea kukishika, lakini hakuona neno hata moja. Alikuwa amefikiri kwamba anatukana chuma tu, na chuma hakina masikio. Hakufikiri kwamba gari lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kusema kweli. Kesho yake alipotoka shule aliona aibu hata kuwasha redio.

Alijua dawa yake. Alijua pia bei yake. Akisema kweli, baba atakwenda kulinunua lile gari, na Jumamosi zitakwisha. Tena baba hatamwita Sikio kwa sauti ile ya kujivunia. Alilibeba jambo hilo Jumatano, akalibeba Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi asubuhi baba alitoka chumbani amevaa shati safi. "Leo tunakwenda duka la magari mapya," alisema. "Nimechoka na mambo ya kubahatisha."

"Baba," Sikio akasema, "hakukuwa na mlio."

"Mlio upi?"

"Kwenye gari la Bi Hakimu. Halikugonga. Nilisema uongo. Na kile kiti hakikuniumiza, na lile jingine halikunitia kichefuchefu." Akaanza kulia, ingawa alikuwa amejiapiza kwamba hatalia. "Nilijua ukipata gari hatutatoka tena. Utarudi, utalala kwenye kochi, na mimi nitakuwa peke yangu siku zote."

Baba alikaa chini palepale kwenye kiti cha jikoni. Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alifumba macho kama afanyavyo ndani ya lifti.

"Nasikia skuru iliyolegea ghorofa ya kumi," akasema mwishowe. "Na wewe uko chumba cha pili na sikukusikia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hilo ni langu, nitalibeba mimi. Lakini lile la Bi Hakimu ni lako. Vaa viatu, mwanangu. Tutakwenda pamoja, ila utasema mwenyewe."

Bi Hakimu aliwafungulia mlango, akawakaribisha sebuleni, akawamiminia chai. Kulikuwa na viti vingi sana kwenye chumba kile, na vumbi jembamba juu ya vyote isipokuwa kimoja. Sikio hakukaa. Alisimama katikati ya zulia, akasema yote bila kujitetea, hata lile la dalali na mfamasia. Alipofika mwisho aliomba radhi, kisha akangoja kuhukumiwa.

Bi Hakimu alimtazama mpaka chai ikaacha kufuka moshi.

"Nilijua," akasema. "Nimesikiliza waongo miaka mingi, mjukuu wangu. Wewe ulikuwa ukiangalia kioo, uso wa baba yako. Hukuwa ukisikiliza gari hata kidogo."

"Kwa nini hukusema, mheshimiwa?" baba akauliza.

"Kwa sababu ilinifaa." Bibi akaweka kikombe mezani. "Watu watatu kabla yenu walikuwa tayari kulichukua. Mmoja nilimwambia aje wiki ijayo, mwingine nikamwambia karatasi hazionekani. Wa tatu nilimwambia nimebadili nia. Watoto wangu wako mbali. Tangu nistaafu, hakuna anayegonga mlango huu isipokuwa watu wa kuja kuliona gari. Wanakunywa chai, wanauliza maswali, wanacheka. Likishauzwa, watakuja kuona nini? Mtoto aliposema kuna mlio, nilishukuru moyoni. Nikapata wiki nyingine." Akamgeukia Sikio. "Kwa hiyo kesi yako siwezi kuihukumu. Hakimu haketi kwenye kesi ambayo naye ni mshtakiwa."

Sikio hakujua acheke au alie. Hakuwahi kusikia mtu mzima akikiri jambo mbele ya mtoto.

"Lakini ushauri naweza kutoa, kwa sababu ushauri ni bure," Bi Hakimu aliendelea. "Kwanza utachukua simu ya baba yako, umpigie yule dalali, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Jina langu limechafuliwa kwa mdomo wako, litasafishwa kwa mdomo huo huo."

Sikio akapiga. Dalali, pamoja na maneno yake mengi, safari hii alisema tu kwamba atawaambia wateja wake, na mfamasia atakuwa wa kwanza. Sikio akamrudishia baba simu.

"Vizuri," Bi Hakimu akasema. "Sasa na mimi nitamtafuta yule niliyemwambia karatasi zimepotea, nimwombe radhi. Tunalingana."

Baba alikohoa. "Mheshimiwa, gari nalitaka. Nimeshajua nataka lililotumika, na nataka hili. Ila sitaki mlango wako uache kugongwa. Shule ya huyu iko mtaa wa pili. Kama hutachoka naye, aje hapa akitoka darasani, na mimi nitampitia jioni. Kurudi mapema kila siku sitaweza, nisimdanganye. Lakini Jumamosi ni yake. Tukiwa na gari tutakuwa na pa kwenda, badala ya kuzunguka madukani kuumizwa mgongo na viti."

"Anajua kucheza bao?" bibi akauliza.

"Hajui."

"Afadhali. Nimechoka kucheza peke yangu, kila mara nashindwa."

Kisha akamvuta Sikio akae karibu naye, kwenye kiti chenye vumbi, bila kujali sketi ya mtoto.

"Sikiliza sana, maana hili ndilo nililotaka kukuambia. Kuwa mpweke si kosa. Hata watu wazima hupatwa. Kosa letu mimi na wewe ni kwamba tuliona aibu kulisema, tukalificha ndani ya uongo, na uongo ukaenda kuumiza watu ambao hawakutukosea. Kweli inaogopesha kidogo tu, mwanzoni. Siku nyingine ukiwa mpweke, mwendee mtu, umwambie hivyo hivyo. Ni maneno machache, na hayamchafulii mtu jina. Hebu jaribu."

Sikio akajaribu. "Bibi, mimi ni mpweke."

"Mimi pia, mjukuu wangu," akasema Bi Hakimu.

Baba alikuwa amesimama dirishani, akiwa amewapa mgongo. Hakuna aliyemuuliza kitu. "Hata mimi," akasema.