Ubao wa Chemchemi ya Wema

"Kampuni ina furaha kuutangazia umma kwamba maandishi ya ubao wa Chemchemi ya Wema, ambayo hadi sasa yalikuwa ya buluu, yatapakwa rangi ya kijani kuanzia Jumatatu."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa kituo cha kununulia tumbaku, wilayani Migori, mwezi Mei 1997. Lilikuwa na mihuri miwili. Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay, chemchemi yenyewe haikuwa na tone la maji.

Miaka mitatu kabla ya hapo maji yalikuwapo. Maroa, mkulima wa tumbaku, na mkewe Matiko waliishi juu kidogo ya chemchemi hiyo. Kila asubuhi Matiko aliteka ndoo mbili kabla uji haujachemka, na Mniko, mtoto wao wa pekee, alimfuata akiwa na kikombe chake cha bati. Juu ya jicho la maji ulisimama mkuyu. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mti mwingine haupandwi hapo, wala mkuyu hauguswi na shoka.

Mwaka 1994 wakuu wa kampuni, huko ng'ambo, waliazimia kwamba wajibu kwa jamii uingizwe katika uongozi wa kila tawi. Azimio lilisomeka vizuri. Huku kwetu iliundwa kamati, ikawekwa chini ya meneja wa ununuzi wa majani ya tumbaku, ofisi ya Homa Bay. Mwenyekiti akawa Cephas Obare, afisa wa mashambani, ambaye kazi yake ilipimwa kwa marobota ya tumbaku. Fisi alikabidhiwa zizi, akapewa na muhuri.

Tumbaku hukaushwa kwa moto, na kuni zilikuwa zimekwisha. Kamati ikaamua kupanda miti ikuayo haraka, tena mahali ambapo wageni wa kampuni kutoka ng'ambo wangeiona kutoka barabarani. Cephas akafika chemchemini na miche mia nne ya mikaratusi.

"Bwana Cephas," Matiko akamwambia, "hapa hatupandi huo. Huo mti unakunywa kuliko shemeji yangu siku ya mnada."

"Na shemeji yako angalau hulala!" akadakia jirani yake, Benta. Wanawake wakaangua kicheko.

"Akina mama, mnataka kuni ama hamtaki? Wageni wanakuja Alhamisi. Wakiuliza miti iko wapi, niwaonyeshe mkuyu wa babu zenu?"

"Waonyeshe maji," Matiko akajibu.

Jibu hilo halikuandikwa popote, na miche ikapandwa. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakasimamisha ubao, wakaondoka.

Nisiwafiche jambo moja. Aliyeukata mkuyu ni Maroa mwenyewe. Majani yake yalikuwa bandani yakikaushwa siku ya tatu, kuni zikamwishia, na moto ukizimika katikati tumbaku yote huharibika. Alichukua shoka.

Mikaratusi ilistawi. Kufikia mwisho wa 1996 chemchemi ilikuwa tope, kisha vumbi. Matiko akaanza kuteka maji mtoni, chini ya mji. Maroa alisafiri hadi Homa Bay na barua ya kuomba miti ing'olewe. Karani, Phelesia, aliipokea kwa adabu.

"Mzee, malalamiko juu ya kamati hupelekwa kwa kamati."

Baada ya wiki tatu Cephas akamwita.

"Mzee Maroa, barua yako nimeisoma. Nimejiuliza maswali makali sana."

"Na umejijibu nini?"

"Kwamba miti inaendelea vizuri."

Januari kipindupindu kilishuka na mto. Mniko alianza kuharisha asubuhi, na adhuhuri, njiani kwenda hospitali, akafia mgongoni mwa mama yake. Alikuwa na miaka mitano.

"Mos, mama Mniko. Mos," Benta alisema, akarudia, kwa kuwa Kidholuo chake hakikuwa na pole nyingine.

Baada ya mazishi Matiko aliteremka chemchemini, akakitundika kikombe cha bati kwenye msumari wa ubao. Mvua za masika zikakinyeshea. Kutu ikachuruzika juu ya neno Wema.

FUNZO

Wajibu uliokabidhiwa mtu anayefaidika kwa kuukwepa si wajibu, ni pambo. Kama kampuni yataka wema uwe sehemu ya uongozi wake, basi na ukae katika kiti kinacholiamuru soko, uwe na uwezo wa kumkataza mnunuzi, na mlalamikiwa asiwe hakimu wa kesi yake. Nasi tusijitakase: mkuyu ulianguka kwa shoka letu. Anayeuza kivuli cha maji yake asitarajie mgeni amlindie kisima.

Kamati ilikutana Mei, Cephas akiwa mwenyekiti. Ombi la kung'oa miti halikuwamo katika ajenda. Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba kikombe kinachochafua ubao kiondolewe, na maandishi yapakwe rangi ya kijani, ambayo haionyeshi kutu upesi.