Koti la Mama Chache

Nilikuwa nimetoka kununua uzi mweusi, basi. Duka la uzi liko hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, na mimi na magoti yangu haya hatua hizo tunazitembea kwa mapatano. Jua lilikuwa linazama. Niliporudi nikakuta mwanamke amesimama mlangoni, amenipa mgongo, kifurushi mkononi. Alikuwa hagongi. Alikuwa ananusa.

Nilidhani macho yangu yananichezea. Lakini pua yake ilikuwa kwenye upenyo wa mlango kabisa, na ndani mjukuu wangu alikuwa anapiga pasi.

"Mlango huo unasukumwa," nikamwambia. "Haunuswi."

Hakucheka. Akaingia nyuma yangu. Alikuwa amejifunika shela hadi machoni, glavu mikononi, na alinuka dawa ya nondo... na chini ya dawa ya nondo kitu kingine, kama nywele zilizoguswa na pasi.

Akafungua kifurushi mezani. Nguo tano. Shati jeupe. Suruali ya buluu iliyokolea. Fulana ya mistari ya mikono mirefu. Gauni jeusi lisilo na pambo hata moja. Na koti refu la mkanda, rangi ya udongo mkavu. Nguo nzuri, ila za zamani, na zote za mtu mpana kuliko yeye.

"Wafaransa ndivyo wanavyovaa," akanong'ona. "Chache tu, lakini zote zinakubaliana. Fumba macho, chomoa mbili, zitapatana. Hizi tano zikimkaa mtu sawasawa, hahitaji kitu kingine. Anakuwa mtu kamili."

"Mimi ninazo tatu," nikasema, "na zinakubaliana vizuri sana. Zote zimechakaa."

Mjukuu wangu akacheka. Kicheko chake kinaanza kwa kukwama, kama cherehani isiyotiwa mafuta, halafu kinamwagika. Hapo ndipo mgeni alipogeuka kumtazama. Alimtazama kama mnunuzi anavyotazama kitambaa. Juu, chini, upana.

Nikachukua tepu nimpime. Akarudi nyuma.

"Usinipime. Mwili wa binti huyu ndio wangu. Mjaribishie yeye. Nitakuja kila jioni kuchukua moja. Na fundi... mimi sichukui nguo isiyokwisha. Hata kama ni kifungo kimoja."

Hapo ndipo nilipokosea, na simsingizii mtu. Kila fundi ana mtu wake wa kujaribishia. Mteja akiwa na haraka, au akiwa mvivu, unatafuta mwili unaofanana na wake humo humo nyumbani. Mjukuu wangu nimemchoma pini tangu ana miaka kumi na miwili. Nimemvalisha magauni ya maharusi wa watu mpaka nikawa namtania, "Mke mwenzangu, umeolewa mara arobaini na bado unakula kwangu." Sikuona ubaya wowote. Yule mwanamke tukambandika jina la Mama Chache, tukaanza na shati.

Nililipunguza mbavuni, nikamvalisha mjukuu, nikaweka pini, nikashona. Jioni Mama Chache akalifuata. Alivua glavu apapase kola, na kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na kovu la pasi, limechongoka kama ncha yenyewe. Nikajisemea, nani hajaungua na pasi.

Tulipoketi kula, mjukuu akaninyooshea mkono.

"Bibi, tazama. Kovu langu limefutika."

Pale alipoungua akiwa na miaka tisa, ngozi ilikuwa laini kama ya kitoto kichanga. Kovu lake nalo lilikuwa limechongoka hivyo hivyo.

Siku ya pili, suruali. Mjukuu wangu alizaliwa mguu wa kushoto mfupi kwa nusu inchi, anachechemea. Mimi kwa mazoea nikapinda mguu wa kushoto wa suruali nusu inchi zaidi. Nilipozinduka nilikuwa nimeshashona. Nikangoja kusemwa. Mama Chache akavaa nyuma ya pazia, akatoka. Miguu yote miwili ya suruali iligusa viatu sawasawa.

Alikuja akitembea wima. Aliondoka akichechemea.

Nikageuka. Mjukuu alikuwa anakwenda kufunga dirisha. Alinyooka kama rula. Na sakafu haikutoa sauti... hata kidogo.

"Umepona lini wewe?"

"Sijui, bibi. Siisikii miguu."

Utaniuliza kwa nini sikuacha. Mtu mzima akiogopa hutafuta visababu vya kutoogopa, na mimi nilikuwa nacho kimoja kikubwa: jina langu. Mafundi wenzangu "njoo kesho" ndiyo salamu yao. Mimi, miaka arobaini kwenye cherehani, sijawahi kumwambia mteja neno hilo. Siku niliyotaja ndiyo siku. Nilijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Basi nikashona fulana.

Fulana ilipoondoka, iliondoka na kicheko. Nilimtania mjukuu siku nzima, nikamtupia maneno ambayo zamani yangemlaza sakafuni. Akanitazama tu. Akijibu, ananong'ona. Jioni, Mama Chache alipofika kwenye kona ya nje, nikasikia mtu anacheka barabarani. Kikaanza kwa kukwama. Halafu kikamwagika.

Nilikosa tundu la sindano mara tatu. Lakini gauni jeusi nalo nikalimaliza. Ndiyo, nalo. Mimi ndiye niliyelimaliza.

Siku ya tano nikamjaribishia koti mapema, nikaingiza mabega, nikafupisha mikono. Koti lile lilikuwa la vifungo vitano. Jioni ilinikuta nimeshashona vinne. Cha tano kilikuwa mkononi, sindano mdomoni, mjukuu ameketi kwenye kigoda pembeni yangu, anachambua pini. Fundi viatu wa jirani akachungulia.

"Mama, magoti yako yanaendeleaje?"

"Yanapinda. Wewe unataka nini?"

"Nauliza tu. Binti hayupo? Jana jioni nimemwona anapita kavaa gauni jeusi, kapendeza kweli. Nikamwita, hakugeuka. Nikasema leo kanidharau."

Nilimtazama. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameketi kati yetu, goti lake linakaribia kugusa suruali ya yule mtu.

"Humwoni?" nikauliza.

"Nani?"

Mjukuu akanyanyua uso. "Shikamoo," akanong'ona. Fundi viatu akakuna sikio kama aliyepitiwa na mbu, akaniaga mimi peke yangu, akaenda zake.

Nikamshika mkono mtoto wangu. Ulikuwa wa baridi, na mwepesi... kama mkono wa shati.

Kovu. Mguu. Kicheko. Hata macho ya watu. Nilikuwa nimempimia, nimempunguzia, nimempigia na pasi. Imebaki moja. *Anakuwa mtu kamili.*

Na huyu wangu atakuwa nini?

Nikatia komeo mlangoni, nikamvuta kwapani. Harufu ilitangulia. Dawa ya nondo. Nywele za kuungua. Halafu hatua, moja nzito, moja fupi, moja nzito, moja fupi. Zikasimama mlangoni.

"Bibi," sauti ikasema nje. "Nifungulie. Koti tayari?"

Ilikuwa sauti ya mjukuu wangu, ile ya zamani, yenye utani ndani yake. Na mjukuu wangu alikuwa kwapani mwangu, amening'ang'ania bila sauti.

Sikuwa na dua ya maana wala dawa. Nilisoma mpaka darasa la pili, na huko nilijifunza kusoma tepu. Nilichokuwa nacho ni kifungo kimoja kiganjani.

"Bado," nikasema.

"Bado nini, fundi?"

"Kifungo cha tano. Njoo kesho."

Niliusikia mlango ukisukumwa polepole, mbao zikalia, kitasa kikajipinda. Kikarudi. Kikajipinda tena...

"Kesho?"

"Kesho."

"Sawa," akasema. "Sichukui isiyokwisha."

Moja nzito. Moja fupi. Hatua zikaenda.

Kifungo kile nilikitupa chooni usiku huo huo.

Mwaka wa tatu huu. Kila jioni anagonga, na kila jioni namwambia kesho. Mimi, niliyewacheka mafundi wote wa mtaa huu, sasa nawashinda wote kwa uongo. Koti limetundikwa msumarini, nimejaribu kulichoma halishiki moto. Mjukuu wangu yupo. Hakurudishiwa kitu, lakini hakupungua tena. Ananong'ona, anatembea bila kishindo, watu wanamsahau akiwa bado mbele yao. Mimi nimezoea kuongea kwa wawili. Kinachonitisha ni macho yangu, ukungu umeingia, na najua iko jioni moja nitakosa kuamka niseme neno langu.

Juzi, jua linazama, mjukuu alitoka kufagia mlangoni. Mimi nilikuwa nimesinzia mezani. Nikasikia anarudi. Moja nzito, moja fupi.

Na mimi, mjinga, nikafurahi. Nilijisemea mguu wake umerudi.

"Bibi, nimeokota kifungo chako hiki," akasema. "Kilikuwa kizingitini. Macho yako hayaoni siku hizi, ngoja nikushonee."

"Kifungo gani, mke mwenzangu?"

Akacheka. Kikakwama kwanza. Halafu kikamwagika.

Miaka mitatu nilikuwa nakililia kicheko kile. Sasa sikutaka kukisikia.

Nilikaza macho. Kwenye ukungu wangu niliona gauni jeusi, limesimama penye msumari wa koti, na mkono unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mkono wa mtu anayejua kazi yangu. Nilimfundisha mwenyewe namna ile ya kuvuta uzi.

Nje, mtu akagonga. Taratibu sana.

"Bibi," akanong'ona. "Mlango umejifunga."

Magoti yangu sijui yalipata wapi nguvu. Nikanyakua mkasi mkubwa, nikaenda kwenye msumari nikisema neno moja tu, kwa sauti, mfululizo, kama mwehu. Kesho. Kesho. Kesho. Kesho. Mkono ukasita. Nilipoufikia nikashika hewa, hewa yenye baridi na dawa ya nondo. Nikafungua mlango. Mjukuu wangu akaingia na ufagio wake, sakafu kimya.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mteja," nikamwambia. "Washa taa."

Akawasha. Tukalitazama koti pamoja.

Kifungo kilikuwa mahali pake, kimelowa bado. Kina matundu manne. Mawili yameshapitishwa uzi, uzi mweusi, wa aina ile niliyotoka kununua siku ya kwanza. Mawili bado.

Toka juzi naukata uzi ule. Mkasi unateleza. Nimetumia wembe, nimetumia meno yangu yaliyobaki. Haukatiki.

Mjukuu simtoi nje tena jioni. Namkalisha hapa, nimefunga mkono wake na wangu kwa tepu, na kila baada ya muda namuuliza jambo, nisikie kama bado ananong'ona.

Ameketi. Hajacheka miaka mitatu, na sasa ameanza kutabasamu.