Ukurasa wa Kumi na Saba

Kigoda kilikuwa na joto.

Paskalina alikikalia alfajiri ile ili achochee moto, akainuka mara moja, akakipapasa kwa kiganja. Iringa mwezi wa Julai hakuna kitu kinacholala na joto. Maji ya mtungini huuma meno, sufuria huuma vidole, hata paka huamkia ndani ya jivu. Lakini kigoda kile cha miguu mitatu, kilicholala peke yake jikoni, kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Baba Esta," aliita, "uliamka ukakaa huku?"

"Mimi nimelala," Kasian alijibu kutoka chumbani, na kweli sauti ilikuwa ya usingizi.

Paskalina akasema basi ni paka. Paka hawezi kupasha kigoda kizima, na yeye alijua hilo, lakini mtu mwenye kazi za asubuhi hakai kubishana na kigoda.

Kazi yao wote wawili ilikuwa katika kiwanda cha chapa cha misioni. Kasian Kalinga alichora picha, mkewe alikunja karatasi na kushona vitabu. Wiki iliyopita walikuwa wametoa kijitabu ambacho hakuna mtu wa nyanda hizo aliyewahi kuona mfano wake: hadithi nzima ya picha, maneno yakitoka vinywani mwa watu ndani ya mapovu. Iliitwa Shahidi wa Mwaka Elfu Mbili. Mchungaji wa ng'ombe aitwaye Ngolo anauawa katika mbuga za Usangu. Inspekta Tadeo anafika kutoka Dodoma kwa chombo kirukacho, dakika tano tu, maana ni mwaka elfu mbili na barabara zimeachiwa mbuzi. Aliyeona mauaji ni jini la mbugani peke yake. Basi Inspekta anafunga mtambo unaoandika maneno ya jini, mganga anamwita, na katekista mzee amesimama pembeni na rozari yake, hajui asali au akimbie. Jini anakuja, anaketi kigodani, anamtaja muuaji. Mwisho.

Balaa lilikuwa hapo hapo, kwenye huo mwisho.

Maana Kasian alitaka picha zake ziwe za kweli. Alikwenda mpaka Usangu, kwa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, akamwomba mganga mmoja mama, Mbuke, amruhusu akae achore pepo akiitwa. Mbuke alimruhusu kwa sharti moja. Mgeni akiitwa, alisema, anaketishwa, anaulizwa, anaagwa. Ukichora kuitwa, uchore na kuagwa. Kasian akaapa, na akachora kweli: ukurasa wa kumi na saba, Mbuke akikipindua kigoda miguu juu, ili mgeni ajue baraza limekwisha, arudi kwao.

Lakini mwaka ule wa sabini na nne mahindi yalikuwa ya mgao na karatasi ya mgao. Karatasi moja kubwa, Paskalina akiikunja, hutoa kurasa kumi na sita. Ya kumi na saba ilitaka karatasi nyingine, na haikuwapo. Kasian alikaa amejishika kichwa. Atoe upi? Ukurasa wa rozari, Padri Joachim, msimamizi wao, asingekubali uguswe. Ukurasa wa chombo kirukacho ndio uliouza kitabu. Aliyemtatulia ni mkewe.

"Toa huo wa mwisho," Paskalina alisema, uzi ukiwa kati ya meno yake. "Muuaji ameshajulikana. Nani atanunua kitabu aone watu wanaagana?"

Ukatolewa. Vijitabu elfu mbili vikapakiwa kwenye mabasi, vikaenda Nyololo, vikaenda Mbeya, vikafika hadi Makongolosi kwa wachimba dhahabu.

Kigoda kiliendelea kuwa na joto kila alfajiri. Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya ng'ombe walionyeshewa, na ya majani yanayoungua, ndani ya nyumba isiyofuga hata kuku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa kwao alifikisha siku ya tisa na wenyewe hawajajua kama wana mgeni.

Siku ya kumi Paskalina alikuta kigoda baridi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akamwona binti yao Esta, mtoto wa miaka saba, amesimama kando ya mafiga, kiazi mkononi na kijitabu cha baba yake kwapani.

"Umeamka saa ngapi wewe?"

"Tangu jogoo wa kwanza, mama. Nilikuwa nimekaa hapo nasoma."

"Hapo wapi?"

Esta alikionyesha kigoda. Paskalina akakigusa tena. Mtoto alikuwa amekikalia tangu jogoo wa kwanza, ndiyo kwanza ameinuka, na mti ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Tangu siku hiyo Esta hakuacha joto popote. Mwili wake wenyewe ulikuwa sawa; ukimkumbatia, ni mtoto kama watoto wote. Lakini mkeka aliolalia usiku kucha uliamka baridi. Benchi la kanisani, mahali alipokaa misa nzima, lilikuwa baridi. Hospitali walimpima, hawakuona homa wala malaria, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Naye akazidi kupungua. Alikula matonge mawili, alisema maneno matatu, na kila alipokaa ilikuwa kazi kumwinua, mpaka mama yake akawa anamvuta kwa mikono miwili kama gunia la mahindi lililolowa.

Jioni moja alimvuta mama yake sikio, akamnong'oneza.

"Mama, mgeni anauliza."

"Mgeni gani, mwanangu?"

"Anasema mmemwita, mmemketisha, mmemuuliza. Mbona hamumuagi?"

Paskalina alimweleza mumewe. Kasian alikaa chini akalia kama mtoto. Kwenda kwa Mbuke aliona aibu. Kiapo alikivunja yeye, angemtazamaje yule mama? Basi Paskalina alimfunga Esta mgongoni, mtoto wa miaka saba, akapanda basi la Mbeya. Aibu ya mume haiponyi mtoto.

Alishuka Igawa, akatembea nusu siku katika vumbi, akaulizia, akaelekezwa boma baada ya boma. Mbuke alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

"Mwangaluka, mama," Paskalina alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umebeba nini kizito hivyo?"

"Mtoto wangu. Mimi ni mke wa yule mchoraji wa Iringa."

Mbuke akaweka kibuyu chini. Alikichukua kijitabu, akakifungua kwa vidole vyenye maziwa, akatazama picha moja moja mpaka mwisho, akageuza jalada la nyuma kana kwamba kuna kitu kimejificha huko.

"Karatasi ya kuaga iko wapi?"

"Ilitolewa."

"Kwa sababu gani?"

"Karatasi hazikutosha, mama." Paskalina alisikia aibu ya maneno yake mwenyewe. Hakusema nani aliyechagua ukurasa.

"Mimi yule niliyemuita nilimuaga," Mbuke alisema polepole. "Huyu si wangu. Huyu mumemuita nyie, kwa mashine, mara elfu mbili. Mimi siwezi kumtoa."

"Usiseme hivyo, mama yangu. Nimetoka mbali. Nina huyu mmoja tu."

Mbuke alimshika Esta mguu, akatazama kisigino, akaurudisha taratibu.

"Alivyoingia, atoke hivyohivyo. Mkono uleule, mashine ileile. Mchapishe ile ya kuaga, ifike kila ilipofika ya kuita. Na muwahi. Mwezi mpya ukiandama huyu hasikii tena kuagwa, atakuwa ameshazoea."

Mwezi mpya ulikuwa siku nne mbele.

Siku moja iliishia njiani. Ya pili, Paskalina alimkalisha Esta kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Padri Joachim, Kasian amesimama nyuma yao na bamba la zinki la kuchapia ukurasa wa kumi na saba kifuani, maana hakuwa amelitupa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Kasian ameshanieleza, na jibu langu ni hapana." Padri hakuwa mtu mkali, alionekana hajalala. "Karatasi iliyobaki ni ya katekisimu. Halafu tazameni. Kile kitabu nilikipitisha kwa sababu uganga wake ulikuwa wa mwaka elfu mbili, wa kubuni. Huu mnaoniletea ni wa leo. Nitamwombea mtoto. Nitamwombea usiku na mchana."

"Utuombee, Padri, tunakuomba. Lakini kwanza gusa kiti."

"Kiti gani?"

Paskalina alimvuta Esta kwa nguvu zake zote, mtoto akainuka. "Amekaa tangu ulipoanza kusema. Gusa."

Padri Joachim aligusa. Akagusa cha kwake alichokuwa amekalia, akagusa tena kile cha mtoto, na mkono wake ukabaki pale. Kisha akavuta droo ya meza, akatoa barua mbili. Moja ya Nyololo: msomaji anasifu hadithi, na anauliza kwa utani mbona siku hizi kigoda cha nyumbani kwake kinaamka na joto. Ya pili ya Makongolosi, kwa penseli: mwanangu anasoma kitabu chenu na hachezi tena na wenzake, tumwendee nani.

"Hii ya pili imefika jana," Padri alisema. Akaweka funguo za stoo juu ya barua. "Chapeni. Kwa Askofu nitajibu mimi."

Walianza mchana huohuo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, ikabidi wawashe taa saa nane. Esta aliketishwa juu ya robota la karatasi. Kasian alifunga bamba mashineni, akalikagua: kigoda miguu juu, mkono wa Mbuke umekishika. Akazungusha gurudumu. Karatasi ya kwanza ikatoka, Paskalina akaiinua kwenye taa.

Kigoda kilikuwa kimesimama.

"Umekosea bamba," alinong'ona.

"Sijakosea. Njoo uone."

Aliona. Kwenye zinki miguu ilikuwa juu, na kwenye karatasi ya pili ilikuwa chini, na kwenye ya tatu, na kwenye ya kumi, na Kasian alizidi kuzungusha akisali Salamu Maria kwa pumzi zilizokatika, na mashine ikapokea mwendo wake mpaka hawakujua tena nani anamzungusha nani, na harufu ya ng'ombe walionyeshewa ikafunika harufu ya wino, na ukungu ukaingia chini ya mlango ukatambaa sakafuni kuelekea kwenye robota, na kila karatasi Paskalina aliyoinua kigoda kilisimama wima, na juu yake, hafifu mwanzoni kama wino uliokosa nguvu, kisha dhahiri, dhahiri zaidi, palikuwa na mtoto wa kike amekaa ameweka mikono magotini.

"Hakipinduki, baba," Esta alisema. Sauti ilikuwa yake kabisa, na hilo ndilo lililotisha. "Nimekikalia."

Kasian aliacha gurudumu. Alikwenda akapiga magoti mbele ya robota, mikono myeusi kwa wino.

"Mgeni," alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mkubwa wake. "Aliyekuita ni mimi. Mkono ni wangu na kiapo nilichokivunja ni changu. Mtoto hana kosa. Mwache ainuke, nikae mimi."

Paskalina alifungua mdomo. Si yeye, alitaka kusema, ni mimi niliyesema utolewe, mimi niliyesema nani atanunua. Maneno yalimfika ulimini. Alimtazama mwanawe, akamtazama mumewe, akafunga mdomo.

Kasian akainuka, akarudi mashineni, akazungusha mara moja. Karatasi ikatoka. Kigoda kilikuwa miguu juu, na hapakuwa na mtu.

"Mama," Esta akasema, "nina njaa."

Akaruka chini mwenyewe. Paskalina alilitupia robota mikono, akalikuta na joto, joto zuri la makalio ya mtoto, akalilalia huku analia kwa sauti mpaka Padri akaja mbio.

Kurasa elfu mbili zilipanda mabasi kabla mwezi haujaandama, pamoja na maelezo ya Padri kwamba zibandikwe mwishoni. Barua zikarudi. Makongolosi mtoto alikuwa amevunja dirisha la jirani kwa mpira, na baba yake aliandika habari hiyo kwa furaha. Nyololo kigoda kilikuwa baridi kama vigoda vya Wakristo wote. Esta alirudi shuleni, akanenepa, akawa mtundu.

Kasian naye alikuwa mzima. Alikwenda kazini, alirudi. Chakula alisema ameshiba. Picha alisema atachora kesho. Alipenda tu kukaa jikoni, na Paskalina alijiambia ni uchovu, mwanamume aliyepita alikopita Kasian ana haki ya kukaa. Kuhusu lile neno lililomfia ulimini, alipanga kumwambia siku moja, wakiwa na nafasi.

Asubuhi moja ya Septemba alimkuta amekaa kigodani, moto umezimika. Alikuwa hapo tangu jioni. Kasian aliinuka kwa shida, akishika ukuta, akaenda kusimama mlangoni kutazama ukungu. Paskalina akavuta kigoda ili awashe moto, na kiganja chake kikagusa mti, baridi kama jiwe la mtoni.

Alibaki ameinama. Nje Esta alikuwa anaimba akifagia uwanja. Paskalina alikishika kigoda mguu mmoja, polepole, bila kelele, akaanza kukiinamisha.

"Usikipindue, mama Esta," Kasian alisema kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Bado nimekikalia."