Sale Kwenye Begi la Kamera

Kamera ilikuwepo. Lenzi zote tatu zilikuwepo. Kilichoibwa ni memori kadi, kitu chenye ukubwa wa stempu, na kwa ajili yake Evaresta Rwiza, mpigapicha kutoka Dar es Salaam, alikuwa amepiga kelele hadi majirani wa bondeni wakatoka kuangalia.

Inspekta Nalepo Lemomo alifika kijijini Akheri saa nne asubuhi pamoja na Konstebo Oscar. Eneo la tukio lilikuwa kibanda kilichozungukwa na migomba, mahali ambapo wageni wa safari za picha hunywa kahawa baada ya kuuvizia mwanga wa alfajiri juu ya Mlima Meru. Siku hiyo mlima ulikuwa wazi, hauna wingu hata moja, na Nalepo aliutazama kwa raha mpaka Oscar akakohoa.

"Kadi ilikuwa na nini?" aliuliza.

"Siku nne za kazi!" alisema Evaresta. "Mlima, twiga, ziwa, watu. Na ndege yangu ni saa kumi jioni."

"Unamshuku nani?"

"Huyo." Alimnyooshea kidole Meshack Sumari, kiongozi wa safari. "Sisi tulienda kuona mto, yeye akabaki na mabegi. Nimeshampigia bosi wake. Kadi isipopatikana kabla sijaondoka, hana kazi."

Meshack alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Miaka minane aliwaongoza wageni milimani na hakuna aliyewahi kupoteza hata kofia.

"Uliondoka hapa kibandani?" Nalepo alimuuliza.

"Dakika tano, afande. Nilikwenda kuchota maji."

"Ulimwona mtu?"

"Hapana."

"Unamjua aliyechukua?"

Meshack aligeuka kuyapanga mabegi.

"Nimekuuliza, Meshack."

"Niandike mimi tu, afande."

Nalepo alifunga daftari. Katika kazi yake hakuwahi kukutana na mtu mwenye hatia aliye na haraka ya kuandikwa namna hii. Na mwizi gani anaacha kamera ya mamilioni anachukua kadi?

Oscar alikuwa anatafuta alama za vidole kwa brashi na unga wake alipookota kitu chini ya benchi. Jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati.

"Hilo lilikuwa kwenye begi langu," alisema Evaresta. "Nikalitupa. Uchafu tu."

Nalepo alicheka. Yeye ni Mwarusha. Kwao anayeomba amani hushika nyasi mkononi. Majirani zao Wameru hutumia sale, jani la mmea unaopandwa mipakani. Likifungwa fundo ni ombi la msamaha, na anayepewa hapaswi kukataa.

"Mwizi wako alikuomba radhi, dada. Wewe ukaitupa chini ya benchi."

Kisha alimgeukia Meshack. "Uliliona."

"Nililiona."

"Na uko tayari kufukuzwa?"

"Mtu akishatoa sale humtaji, afande." Aliogopa, na hakuficha. "Nikimtaja, nitakaaje naye benchi moja kanisani?"

"Basi usimtaje. Nitamtafuta mwenyewe."

Oscar alibeba kielelezo chake, lile jani, wakafuata mpaka wa masale kuteremka. Kwenye boma la tatu walikuta shina lililokatwa kwa kisu, jeraha bado bichi. Mama mmoja wa umri wa bibi alikuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Mzee yupo?"

"Sadoki? Amekwenda mjini Tengeru. Amevaa koti la kanisani, na leo Alhamisi! Nimemuuliza, unaenda kuoa? Akanipita kama hanijui." Alicheka mdomo wote wazi, na Oscar naye akajikuta anacheka.

Nalepo alijiuliza mzee anafuata nini Tengeru na kadi ya picha. Jibu lilikuwa rahisi. Walikwenda moja kwa moja kwenye studio ya picha.

Mzee Sadoki alikuwa kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini. Umeme ulikuwa umekatika. Alipoona sare ya Oscar alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmefuata kadi."

"Hulazimiki kusema chochote. Ukisema, nitaandika."

"Andika. Nimechukua mimi." Aliitoa kwenye mfuko wa ndani, imeviringishwa kwenye leso safi.

"Ulijuaje ilipo?"

"Jana yule dada alimpiga mke wangu picha akicheka. Akanionyesha, akanifungulia na kimlango cha kamera. Picha zote zinakaa humu, mzee, akasema."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Nilimwomba, Meshack akiwepo. Akasema atanitumia." Mzee aliizungusha kofia. "Miaka kumi na moja wageni wanapita shambani kwangu. Wanatupiga picha, wanasema watatuma. Sijaona hata moja. Jumapili mimi na Susana tunabarikiwa kanisani, miaka hamsini ya ndoa, na sina picha yake. Nilitaka hiyo moja tu. Ningeirudisha kabla hawajamaliza kahawa, umeme ukanikatikia."

"Na sale?"

"Ili asilaumiwe mtu."

"Amelaumiwa Meshack. Anafukuzwa kazi leo."

"Meshack? Lakini yeye analijua sale!"

"Ndiyo maana amenyamaza."

Machozi yalimlengalenga mzee. "Twende. Nikaseme mbele yao."

Alisema, kibandani, kofia mkononi, na Evaresta akasikiliza yote huku ameikumbatia kadi yake. Nalepo alifungua daftari.

"Unataka kufungua kesi? Kabla hujajibu: safari hii umepiga picha watu wangapi?"

"Kama arobaini."

"Uliwaahidi wangapi?"

"Wote."

"Umewahi kumtumia nani?"

Aibu ilimshika Evaresta kweli. Alichukua simu akampigia bosi wa Meshack hapo hapo. "Meshack hana kosa," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Ukimfukuza, usinione tena."

Umeme ulirudi saa saba. Evaresta mwenyewe alisimama kwenye kaunta ya studio mpaka picha ikatoka, kubwa, ya ukutani, kisha akaipeleka Akheri na mzee. Nalepo alifuata nyuma. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini hakutaka kukosa.

Mama Susana alijifuta mikono, akaishika picha.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Ndiyo ninavyocheka hivi?"

"Miaka hamsini," alisema Mzee Sadoki. "Sikuwa na namna ya kukuonyesha."